Jina Moja kwa Bonde la Bibi Falesi

Vuteni vigoda, na wewe uliyeukumbatia moto peke yako, wape wenzako nafasi. Nina kesi hapa. Si ya kusikiliza tu halafu mkaenda zenu, nataka hukumu. Mara ya mwisho niliposimulia kesi hii, watu wawili waliokuwa wanakula sahani moja waliondoka hawasemeshani mpaka Jumapili. Mko tayari? Msije mkasema sikuwaonya.

Kwanza niwatajie watu wangu watatu, wote wa kijiji cha Luhololo, kule juu Njombe ambako mwezi wa saba unaamka unakuta maji ya kunawia yameganda kwenye beseni.

Wa kwanza ni Mzee Gaitani Luvanda. Huyu moto ulikuwa unamsikiliza. Wengine wanawasha moto, yeye alikuwa anautuma, na ukimaliza kazi unarudi. Aliwahi kuchoma nyasi kuzunguka mzinga wa nyuki, na nyuki wakaendelea na shughuli zao bila hata mmoja kutoka nje kuuliza kuna nini. Mnacheka? Waulizeni waliokuwepo.

Wa pili ni Lwitiko Sanga, mfugaji, baba wa watoto wanne. Huyu alikuwa na mluzi. Akipiga mmoja, ng'ombe wanageuka. Akipiga miwili, wanasimama. Mkewe alikuwa anasema kuna na wa tatu, na kwamba ukipigwa huo, hata yeye mwenyewe anajikuta ameitika.

Wa tatu ni Betrida Mgaya, msichana wa miaka ishirini na sita, mkulima. Yeye alikuwa na macho. Najua, kila mtu hapa ana macho, lakini ya Betrida yalikuwa na subira. Utoto wake wote alikuwa anaamia ndege kwenye ngano ya baba yake, kombeo mkononi, asubuhi mpaka jioni. Mtu akifukuza ndege miaka kumi anawajua kuliko wanavyojijua. Alikuwa anaweza kukwambia ndege ni wa aina gani kwa namna tu anavyotua, na ana njaa au ana mke.

Sasa njooni kwa mwenye mali, Bibi Falesi Mlowe. Bibi huyu alikuwa na bonde la ekari kumi na mbili ambalo jembe halijawahi kuligusa. Ukisimama ukingoni unaona viazi kushoto, misindano ya mbao kulia, maparachichi mbele, na katikati nyasi tupu, nyasi za asili, zenye maua madogo ya njano na ya zambarau ambayo hakuna aliyeyapanda. Luhololo nzima lilikuwa limebaki hilo moja. Mengine yote yalishalimwa.

Na kwenye bonde hilo, kila mwaka mvua zikikaribia, alikuwa anakuja ndege. Mbayuwayu wa buluu. Si yule mnayemjua wa kwenye dari za kanisa. Huyu ni buluu mwili mzima, buluu iliyokolea mpaka inang'aa, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani zinazomfuata nyuma anaporuka. Ni ndege adimu. Hakai kwenye viazi, hakai kwenye misindano. Anataka nyasi, tena nyasi nyingi za pamoja. Bibi Falesi alimpenda ndege huyo waziwazi, bila aibu. Alipofiwa na mumewe, alisema, kilichomtoa kitandani ni kwenda kuangalia kama wale ndege wamefika.

Basi miaka mitatu nyuma ndama wa Bibi alitumbukiza mguu kwenye shimo la muhanga, mguu ukavunjika, ikabidi achinjwe. Mnamjua muhanga, yule mnyama wa masikio marefu anayechimba kutafuta mchwa. Kule kwetu kila mfugaji anajua la kufanya: muhanga akichimba, wewe unajaza. Bibi akamwita Lwitiko, na Lwitiko akajaza mawe mashimo yote, kumi na manne, akayashindilia vizuri kwa mguu. Kisha Bibi akawatoa ng'ombe wake bondeni, akakataza moto, akafunga geti kwa mnyororo. "Bonde lipumzike," akasema.

Mwaka wa kwanza mbayuwayu walikuja, wakazunguka siku mbili, wakaondoka. Mwaka wa pili alikuja mmoja. Mwaka wa tatu hakuja hata mmoja, na Bibi Falesi akakaa ukingoni na kanga yake mabegani mpaka Desemba ikaisha.

Hapo ndipo mwanawe Stanslaus alipoitisha kikao cha ukoo. Stanslaus hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa na watoto wa kusomesha na trekta la kukodi.

"Mama," akasema, "nyasi hazilishi watoto wangu. Tupande viazi."

"Na viazi haviruki," akajibu Bibi.

"Hata hao ndege wako hawaruki tena, Mama. Hawapo."

Neno hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa limemchoma. Bibi Falesi akashika magoti yake. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo chanzo cha kesi yetu.

"Nipeni msimu mmoja wa mwisho. Ikifika tarehe ishirini Desemba saa sita mchana, kama hakuna kinda aliyeruka bondeni kwangu, lete trekta, na geti nitalifungua mimi mwenyewe. Lakini akiruka hata mmoja, bonde linabaki nyasi, na nitaliandikisha kwa jina la aliyemrudisha ndege. Liwe lake, alitunze nikiwa sipo."

"Jina la mtu mmoja?" akauliza shemeji yake.

"Mmoja. Bonde la baba yangu waliachiwa watu watano. Kila mmoja akakata kipande chake, kila mmoja akasema kipande kimoja hakina madhara. Leo kuna viazi mistari mitano na hakuna ndege hata wa kusingizia. Ndege huyu hataki vipande. Jina moja."

Mmesikia? Jina moja. Msije mkaniletea baadaye mambo ya kugawana, nimeshawazibia mlango huo.

Habari zikaenea kijijini kabla chai haijapoa.

Mwezi wa saba, Mzee Gaitani akaja getini na fimbo yake. "Kamwene, Bibi."

"Kamwene, Mzee. Umekuja kuchungulia?"

"Nimekuja kukwambia ukweli. Hili bonde halijapumzika, limekosa pumzi. Tazama." Akachomeka fimbo kwenye nyasi, ikasimama yenyewe bila kushikwa. Nyasi kavu za miaka mitatu zilikuwa zimelaliana tabaka juu ya tabaka, na vichaka vya miiba vilishaanza kujitokeza katikati. "Ndege huyu anakula wadudu huku anaruka chinichini. Hapa atapita wapi? Niruhusu nichome nusu. Nusu tu, ili mdudu awe na pa kukimbilia."

Bibi aliliogopa neno moto kama mnavyoliogopa nyie. Upande wa kulia kulikuwa na misindano ya jirani, ekari arobaini. Lakini akafungua mnyororo.

Mzee Gaitani akachagua asubuhi yenye barafu kwenye majani, ili moto utembee polepole chini chini. Akawasha. Ukatembea vizuri, mtiifu, ukila nyasi kavu na kuacha mizizi. Watu wakaanza kupiga makofi. Na hapohapo, jamani, upepo ukageuka!

Ukageuka wote kwa mara moja, kuelekea misindano. Moto ukainua kichwa, ukaanza kukimbia. Watu wakapiga kelele. Mimi ningekuwepo, leo mngenikuta Makambako. Mzee Gaitani, na miaka yake sitini na minane, akakimbia kuupita moto, akasimama kati yake na misindano, akainama, akawasha moto wa pili! Watu wakadhani amechanganyikiwa. Moto wa pili ukaenda kukutana na wa kwanza, ukala nyasi zote zilizokuwa mbele yake, na ilipofika mahali ilipokutana, mioto yote miwili ikakosa chakula ikazimika. Mzee akatoka kwenye moshi akikohoa, hana nyusi hata moja, anacheka.

"Nusu," akasema. "Si niliwaambia nusu?"

Wiki tatu baadaye nusu ile ilikuwa imechipua kijani ambacho hakuna aliyekuwa amekiona tangu ndama avunjike mguu.

Mwezi wa tisa, Lwitiko Sanga akaja na ng'ombe wake kumi na mmoja.

"Bibi, Mzee Gaitani amekata nywele upande mmoja," akasema. "Upande wa pili nani atachana? Moto mwingine mwaka huu ni hatari. Niachie mimi na hawa."

"Ng'ombe?" Bibi akarudi nyuma. "Umesahau ndama wangu? Na wewe ndiye uliyejaza mashimo?"

"Sijasahau. Muhanga anaweza kuwa amechimba mengine. Nitatangulia mimi, nitagusa ardhi kwa fimbo kila hatua, na hakuna ng'ombe atakayekanyaga ambapo mimi sijakanyaga."

Na akafanya hivyo! Siku arobaini! Asubuhi alikuwa anaingia na mluzi wake, anatangulia akigonga ardhi kwa fimbo, na ng'ombe wanamfuata mstari mmoja. Leo hapa, kesho pale, kesho kutwa kule, wasile mahali pamoja mpaka pakabaki upara. Nyumbani kwake alikuwa na matete mazuri ya kulishia, akayaacha. Nyasi za bondeni hazileti maziwa mengi, na kwa siku arobaini watoto wake wanne walikunywa chai ya rangi. Mkewe alinung'unika, sitawaficha. Lwitiko akaendelea, na hata siku hizo zilipokwisha aliwaleta ng'ombe bondeni mara mojamoja.

Siku ya thelathini na moja, asubuhi, ng'ombe walikuwa wanatembea, nzi na panzi wakiruka miguuni mwao. Lwitiko akasikia kitu kimepita karibu na sikio lake, fyuu! Akageuka. Kikapita tena, chini kabisa, kati ya miguu ya ng'ombe, buluu!

Hakupiga mluzi safari hii. Alipiga yowe. "Bibi! Bibi Falesi! Wamekuja!"

Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akakimbia, bibi wa miaka themanini na moja, akafika ukingoni. Walikuwa wanne, madume mawili na majike mawili, wanakula wadudu nyuma ya mikia ya ng'ombe, wanapinda hivi, wanapinda hivi. Bibi akalia. Akalia na mwiko mkononi, na hakumficha mtu.

Mngedhani hadithi imeisha, kumbe bado kabisa.

Maana wiki ikapita, ya pili ikapita, na ndege walikuwa wanakula na kuruka tu. Hawajengi. Oktoba ikawa inaisha. Jozi moja ikakata tamaa ikaondoka. Ikabaki jozi moja, na Stanslaus akawa anapita na pikipiki, anapunguza mwendo, anatazama, anaendelea. Bibi akaacha kula vizuri.

Ndipo Betrida Mgaya akaja, na mfuko wa viazi vya kuchemsha na mwavuli.

"Shikamoo Bibi. Hawa ndege, viota vyao vya zamani vilikuwa wapi?"

Bibi akaonyesha bonde kwa mkono. "Marahaba. Kwenye nyasi. Walikuwa wanashuka kwenye nyasi wanapotea. Sijawahi kuwafuata, mwanangu. Niliona ni kuwakosea adabu."

"Basi niruhusu mimi niwakosee adabu."

Betrida akaketi bondeni. Siku ya kwanza mvua ikanyesha, hakusogea. Mwavuli hata hakuufungua, aliogopa usiwatishe. Siku ya pili mvua ya mawe, hakusogea. Watu waliokuwa wanapita barabarani walidhani ni kisiki, na ng'ombe mmoja wa Lwitiko alifika akamlamba bega. Siku ya tatu, karibu na saa tano, aliona kitu. Jike lilikuwa limebeba unyoya mweupe mdomoni. Likashuka, likaelea juu ya mahali fulani, likapandisha, likashuka tena palepale. Mara nne. Kisha likaudondosha unyoya likaenda.

Betrida akatambaa mpaka mahali pale. Akakuta nini? Mawe. Rundo la mawe yaliyoshindiliwa vizuri kwa mguu wa mtu.

Mmeshaelewa? Yeye alielewa palepale. Mbayuwayu huyu hajengi juu. Anajenga chini! Anaingia kwenye shimo la muhanga, anabandika kiota chake cha udongo ukutani, ndani ya ardhi, kama vile yule mwingine anavyobandika kwenye dari ya kanisa. Bibi Falesi, kwa kumpenda ndama wake, alikuwa amefunga nyumba zote kumi na nne za ndege wake!

Betrida hakukimbia kutafuta jembe, aliogopa kupoteza hata saa moja. Akaanza kutoa mawe kwa mikono. Yalikuwa yameshikana na udongo wa miaka mitatu. Jiwe la kumi ukucha mmoja ukang'oka. Jiwe la thelathini akawa ameingia shimoni mpaka kiunoni, kichwa chini, miguu juu, na hivyo ndivyo Lwitiko alivyomkuta.

"Dada Betrida! Muhanga amekumeza?"

"Haya mawe nani aliyapanga?" sauti ikatoka ardhini.

Lwitiko akainamia shimo. "Ni mimi, dada."

"Ulipanga vizuri mno. Usiguse, nimebakiza matatu."

Akayatoa yote. Akazungushia shimo kamba kwa mbali, hatua thelathini kila upande, ili mtu wala ng'ombe asisogee. Na asubuhi yake, mbele ya macho ya Bibi, jike likashuka, likaelea, likaingia ardhini. Likapotea! Bibi akahesabu mpaka ishirini, likatoka. Dume nalo likaingia na tonge la udongo. Siku kumi kiota kikawa tayari. Betrida akachungulia mara moja tu, kwa kioo kidogo alichofunga kwenye fimbo. Akaona udongo uliochanganywa na majani mapya laini ya upande uliochomwa. Ndani kulikuwa na singa za mikia ya ng'ombe na manyoya meupe ya jogoo wa Bibi. Na katikati, mayai matatu.

Yakaanguliwa. Na sasa ikawa mbio za kalenda. Tarehe kumi na tano makinda wanalia shimoni. Kumi na nane, wanalia kwa sauti kubwa, hawatoki. Kumi na tisa, hawatoki. Ishirini, asubuhi, trekta likafika barabarani likasimama linanguruma, na Stanslaus akashuka na saa yake mkononi. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga nyuma ya kamba.

Saa nne. Kimya. Saa tano. Mama yao akapita juu na mdudu mdomoni, akakataa kuingia nao, akawa anawaita kutoka nje. Saa tano na nusu. Bibi Falesi alikuwa amemshika Betrida mkono mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Zimebaki dakika ishirini. Zimebaki kumi na mbili.

Kichwa! Kikachomoza kichwa kidogo kwenye ukingo wa shimo. Kikatazama watu, kikatazama mbingu. Halafu kinda akaruka! Akayumba, akakaribia kuanguka, akapanda! Watu wakalipuka. Wa pili huyo, nyuma yake! Na sauti iliyosikika kuliko zote, ikipiga kelele mpaka ikakwaruza, "Wa tatu! Wa tatu yule, mtazameni, Mama, wa tatu!" ilikuwa sauti ya Stanslaus. Alikuwa ameitupa kofia yake hewani na haijulikani iliangukia wapi. Alipokumbuka, akageuka akamwonyesha dereva ishara azime injini.

Bonde likawa limepona. Nawaona mmefurahi. Furahini, lakini msijisahau. Palibaki ile ahadi, na nilishawaambia ni jina moja.

Wiki iliyofuata wakakaa sebuleni kwa Bibi. Karani wa ardhi wa kijiji alikuwepo na karatasi ya hati ya kimila, kila kitu kimejazwa isipokuwa mstari mmoja. Bibi hajui kuandika, kwa hiyo kulikuwa na kidau cha wino wa kidole gumba.

"Semeni," akasema Bibi. "Nani alimrudisha ndege?"

Mzee Gaitani akasafisha koo. "Bila moto, ng'ombe wasingekuwa na cha kula, ndege wasingekuwa na pa kuruka, na Betrida angekuwa anatafuta shimo chini ya nyasi zinazomfunika kichwa. Mimi ndiye niliyefungua. Na nyusi zangu hazijarudi mpaka leo."

"Nyusi zako tunazisikitikia, Mzee," akasema Lwitiko, "lakini kwenye majani yako ya kijani ndege hawakuja. Agosti nzima, hata mmoja. Walikuja siku walipoona ng'ombe. Mimi ndiye niliyewaita, na wanangu walikunywa chai ya rangi kwa ajili yao."

"Uliwaita waje wakae wapi, kaka?" akauliza Betrida. "Milango ulikuwa umeifunga wewe mwenyewe kwa mawe. Jozi moja uliyoiita ilirudi ilikotoka. Bila mimi, hii iliyobaki nayo ingekwenda."

"Na shimo lako bila ndege lingekuwa nini? Shimo!"

"Na ndege wako bila shimo? Wageni wa mchana!"

"Acheni," akasema Bibi. "Kila mmoja aniambie atalitunzaje."

Mzee Gaitani akasema atachoma nusu kila mwaka, kwa zamu, kama babu zake walivyofanya. Bibi akamtazama. Sitini na minane, hana mtoto, hana mwanafunzi. Nani atawasha moto wa pili upepo ukigeuka na yeye hayupo?

Lwitiko akasema atalisha kwa kuhamahama, na ana watoto wanne wa kumrithi. Bibi akamtazama. Ng'ombe kumi na mmoja leo, lakini je, wakiwa arobaini? Na watoto wanne, si ndiyo vipande vinne?

Betrida akasema atafungua mashimo kumi na matatu yaliyobaki na hatamruhusu mtu kuingia msimu wa mayai. Bibi akamtazama. Macho kama hayo hayapatikani. Lakini binti alikuwa ameshatolewa mahari, mume anaishi Makambako, na bonde linahitaji mtu aliye karibu. Tena Bibi mwenyewe aliwahi kulifunga bonde kwa mapenzi, na mliona kilichotokea.

Stanslaus naye akainua mkono pembeni. "Mimi sidai kitu, Mama. Lakini kama si trekta langu, nani angeamka kufanya chochote?" Wote wakamzomea, akacheka, akashusha mkono. Ila na hilo nalo, mkienda nyumbani, lifikirieni.

Na kabla sijasahau, asubuhi ya siku hiyo hiyo, hatua tano kutoka kwenye geti, palikuwa na shimo jipya, udongo bado unyevu. Mdai mwingine huyo, na hakualikwa kikaoni. Karani alikaribia kutumbukia.

Basi Bibi Falesi akachovya kidole gumba kwenye wino, akakishikilia juu ya karatasi. Karani akaishika kalamu juu ya ule mstari mtupu. "Nitajie jina, Bibi, niandike, kisha utie dole." Dirishani makinda watatu walikuwa wanapita na kurudi, juu ya nyasi fupi, nyuma ya ng'ombe, karibu na shimo. Bibi akamtazama Gaitani asiye na nyusi. Akamtazama Lwitiko. Akamtazama Betrida na kidole chake kisicho na ukucha. Aliwapenda wote watatu, na alijua kwamba ndege hawangojei mtu akosee mara ya pili.

Kidole kiko hewani, wino unaanza kukauka, na karani anauliza tena, "Jina, Bibi?"

Bibi hajajibu. Amegeuka huku kwetu. Anakutazama wewe uliyekuwa unacheka, na wewe uliyeukumbatia moto. Je, ungekuwa wewe, ungemwambia karani aandike jina la nani?